Misingi Mitano na Anayejinyima Kwanza: Historia ya Malezi ya Uraia Indonesia

Mnamo Julai 1913, Waholanzi walikuwa wakijiandaa kusherehekea miaka 100 tangu nchi yao ijikomboe kutoka mikononi mwa Napoleon. Sherehe zilipangwa kufanyika Indonesia pia, koloni lao, na wenyeji wakatakiwa kuchangia gharama. Kijana wa miaka 24 kutoka Yogyakarta, Soewardi Soerjaningrat, aliandika makala katika gazeti la De Expres akijiweka katika nafasi ya Mholanzi. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka na ngumu kuijibu: Mholanzi mwenye haya asingewaalika watu aliowanyang'anya uhuru waje kuushangilia uhuru wake, sembuse kuwachangisha fedha.

Serikali ya kikoloni ilimjibu kwa adhabu. Soewardi na wenzake wawili, Ernest Douwes Dekker na Tjipto Mangoenkoesoemo, ambao mwaka uliotangulia walianzisha naye chama cha Indische Partij, walihamishiwa Uholanzi. Huko alisomea ualimu na kuzama katika fikra za Friedrich Fröbel na Maria Montessori kuhusu malezi ya watoto. Aliporudi nyumbani mwaka 1919 alikuwa na hakika ya jambo moja: taifa lililozoea kuamrishwa halitakuwa huru kwa kubadilishiwa mabwana tu. Lazima kwanza lipate watu waliolelewa kujitawala nafsi zao.

Mwalimu aliyeacha cheo

Tarehe 3 Julai 1922 Soewardi alifungua shule mjini Yogyakarta, akaiita Taman Siswa, bustani ya wanafunzi. Elimu ya kisasa wakati huo ilikuwa ya wachache mno. Sensa ya 1930 ilionyesha kwamba katika kila wenyeji 100, waliojua kusoma na kuandika hawakufika kumi, na wengi waliobahatika kusoma waliandaliwa kuwa makarani wa serikali ya kigeni. Taman Siswa ilikataa ruzuku ya serikali hiyo ili isifungwe na masharti yake. Watoto walifundishwa hesabu na lugha, na pia ngoma, maigizo na muziki wa gamelan. Mwalimu aliitwa baba au mama, akaishi na wanafunzi wake kama jamaa. Kuamrisha na kuadhibu havikuhesabiwa kuwa njia ya kufundisha.

Kanuni ya malezi hayo iliwekwa katika maneno machache ya Kijava ambayo kila Mwindonesia aliyepita shuleni anayajua. Kiongozi anapokuwa mbele, awe kielelezo; anapokuwa katikati ya watu, aamshe ari; anapokuwa nyuma, awatie nguvu. Sehemu ya mwisho ya kanuni hiyo imo leo katika nembo ya wizara ya elimu.

Mwaka 1928, alipotimiza miaka 40 kwa hesabu ya kalenda ya Kijava, Soewardi aliacha jina lake pamoja na cheo cha Raden Mas, alichokipata kwa kuzaliwa katika ukoo wa kifalme wa Paku Alam. Akawa Ki Hadjar Dewantara. Katika jamii ya Kijava, ambako mtu alichagua hata maneno ya salamu kwa kutazama daraja la anayemsalimu, hilo halikuwa jambo dogo. Alitaka pasiwe na ngazi kati yake na mtoto wa mkulima aliyekuja kusoma.

Kufikia 1932 harakati yake ilikuwa na shule 166 na wanafunzi wapatao 11,000. Mwaka huohuo serikali ilitoa sheria ya kuzidhibiti zile ilizoziita shule holela, ikitaka kila shule isiyopokea ruzuku iombe kibali kwanza. Dewantara alimpelekea Gavana Mkuu simu ya maandishi kumwarifu kwamba wangeipinga bila vurugu na bila kurudi nyuma. Vyama vya siasa na jumuiya za dini, ambavyo mara nyingi havikupatana, viliungana naye. Mapema mwaka 1933 serikali iliisimamisha sheria hiyo.

Naanza na mtu huyu kwa sababu alitangulia kuvua cheo chake kabla ya kuwataka wengine wavue vyao. Katika karne nzima iliyofuata, Indonesia imejaribu njia nyingi za kuwafundisha raia wake tabia njema. Ukizitazama moja baada ya nyingine, utaona kwamba funzo lilishika pale ambapo wenye nguvu walijinyima kwanza, likapeperuka pale walipowataka wadogo peke yao wajinyime.

Maneno saba

Muda mfupi baada ya Taman Siswa kushinda pambano hilo, Sukarno, mwanasiasa kijana, alipelekwa uhamishoni. Kuanzia 1934 hadi 1938 aliishi Ende, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Flores, ambako Wakatoliki ni wengi. Mwislamu huyo kutoka Java alizoeana na mapadri wamisionari, akatunga michezo ya kuigiza na kuiigiza pamoja na watu wa mji. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa akikaa chini ya mshelisheli na kuwaza ni kitu gani kingeweza kuwaweka pamoja watu wa maelfu ya visiwa, dini nyingi na mamia ya lugha.

Nafasi ya kutoa jibu ilikuja mwaka 1945. Wajapani, walioitwaa Indonesia mwaka 1942, walikuwa wanashindwa vita, wakaunda kamati ya kuchunguza matayarisho ya uhuru. Mwenyekiti wake, daktari Radjiman Wedyodiningrat, aliwauliza wajumbe: dola hii itasimama juu ya msingi gani? Tarehe 1 Juni Sukarno alisimama na kuzungumza bila karatasi. Alitaja misingi mitano: utaifa, utu na udugu wa mataifa, mashauriano, ustawi wa jamii, na imani kwa Mungu. Akaiita Pancasila. Akasema kwamba mitano hiyo ikikamuliwa mpaka ubaki mmoja, utakaobaki ni gotong royong, desturi ya vijijini ya kubebeana mizigo, ambapo watu humjengea jirani nyumba, huzibua mfereji na huvuna pamoja bila malipo.

Hotuba ilishangiliwa, lakini swali gumu lilibaki. Tarehe 22 Juni kamati ya watu tisa, wanane Waislamu na mmoja Mkristo, A. A. Maramis, ilikubaliana juu ya dibaji ya katiba. Msingi wa imani ulipandishwa ukawa wa kwanza, ukaongezewa maneno saba yaliyowawajibisha Waislamu kuifuata sharia ya dini yao. Uhuru ukatangazwa 17 Agosti. Jioni ya siku hiyo Mohammad Hatta, mwenzake Sukarno katika uongozi, alipata ujumbe kupitia kwa ofisa wa jeshi la majini la Japani: Wakristo wa visiwa vya mashariki hawangejiunga na jamhuri ikiwa maneno hayo yangebaki.

Asubuhi ya 18 Agosti, kabla kikao cha kupitisha katiba hakijafunguliwa, Hatta alizungumza na viongozi wa Kiislamu, akiwemo Ki Bagus Hadikusumo wa jumuiya ya Muhammadiyah, ambaye alikuwa mgumu zaidi kushawishika. Waislamu walikuwa zaidi ya wanane katika kila wananchi kumi. Hata hivyo viongozi hao walikubali. Maneno saba yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa imani kwa Mungu Mmoja, maneno ambayo kila mwenye dini angeweza kuyasema bila kuisaliti dini yake.

Wapo waliolia kwa uamuzi huo, na wapo walioukataa kwa silaha. Uasi wa Darul Islam uliozuka Java Magharibi mwaka 1949 ulidumu hadi 1962. Bunge la katiba lililochaguliwa mwaka 1955 nalo lilibishana kuhusu msingi wa dola hadi Sukarno alipolivunja mwaka 1959 na kuirudisha katiba ya 1945. Lakini jamhuri ilizaliwa nzima kwa sababu wengi waliwaachia wachache jambo ambalo wangeweza kulishikilia. Katika baraza la kwanza la mawaziri, wizara ya elimu alipewa Ki Hadjar Dewantara.

Vipengele 36

Msomaji wa Afrika anaikumbuka Indonesia ya miaka ile kwa mkutano wa Bandung wa Aprili 1955, ambapo nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana bila kusimamiwa na mkoloni yeyote. Nyumbani, mambo yaliharibika upesi. Sukarno alizima demokrasia ya vyama, mwaka 1963 akatangazwa rais wa maisha, na uchumi ukaporomoka. Usiku wa kuamkia 1 Oktoba 1965 kikundi cha wanajeshi kiliwaua majenerali sita wa jeshi la nchi kavu. Jenerali Suharto alishika hatamu, Chama cha Kikomunisti kikalaumiwa, na katika miezi iliyofuata watu wapatao nusu milioni, kwa makadirio yanayotajwa zaidi, waliuawa. Wengine wengi walifungwa miaka mingi bila kushtakiwa. Yote hayo yalitendwa kwa jina la kuilinda Pancasila, ambayo msingi wake wa pili unadai utu wenye haki na ustaarabu. Tarehe 1 Oktoba ikawa siku ya kuadhimisha uthabiti wa Pancasila, na watoto wa shule wakasimuliwa kifo cha majenerali. Vifo vya wale wengine havikuwamo mtaalani.

Suharto aliamini, kama wazee wengi wanavyoamini, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mtaala wa 1975 ulileta somo la Maadili ya Pancasila kuanzia shule ya msingi. Mwaka 1978 baraza kuu la taifa, MPR, lilipitisha mwongozo wa kuielewa na kuitenda Pancasila uliojulikana kwa kifupi kama P4. Misingi mitano ilichambuliwa ikawa vipengele 36 vya kukariri. Mwaka uliofuata iliundwa taasisi ya kuusimamia, BP-7. Watumishi wa umma walipelekwa kwenye kozi, na vivyo hivyo wanafunzi wapya wa vyuo vikuu na viongozi wa vijiji. Wakufunzi walikuwa na madaraja yao, wahitimu walipewa vyeti, na mtumishi aliyetaka kupanda cheo alijua thamani ya cheti hicho.

Mei 1980 raia 50 wenye majina makubwa, wakiwemo Jenerali Nasution, waziri mkuu wa zamani Mohammad Natsir na gavana wa zamani wa Jakarta Ali Sadikin, walitia saini waraka wa kulalamika kwamba rais anaigeuza Pancasila kuwa silaha dhidi ya wapinzani wake. Miongoni mwao alikuwamo Hoegeng Iman Santoso, mkuu wa polisi wa 1968 hadi 1971, ambaye Waindonesia humtaja hadi leo wanapotafuta mfano wa mtumishi safi. Inasimuliwa kwamba alipoteuliwa kuongoza idara ya uhamiaji, alimwomba mkewe afunge duka lake la maua ili watu wenye shida ofisini kwake wasikimbilie kununua maua huko. Waliotia saini hawakufungwa kwa waraka huo, lakini walizuiwa kusafiri nje, wakanyimwa mikopo ya benki, na magazeti yakakatazwa kuwataja. Taifa lililokuwa likifundisha uadilifu kwa kozi lilimficha mtu aliyeuishi.

Baadaye vyama na jumuiya zote zilitakiwa kuikubali Pancasila kuwa msingi wao wa pekee, na sheria ya 1985 ikazibana zote, zikiwemo za dini. Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Waislamu wa vijijini, ilikubali katika mkutano wake wa Situbondo mwaka 1984 kwa hoja kwamba Pancasila si dini wala haiwezi kuchukua nafasi ya dini. Wengine walipinga. Mnamo Septemba 1984 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji katika mtaa wa bandari wa Tanjung Priok, Jakarta, wakaua watu.

Kilichoidhoofisha P4 kuliko upinzani wowote ni maisha ya wakubwa wenyewe. Miongoni mwa vipengele 36 kilikuwamo kinachomtaka raia asiishi maisha ya anasa, na kingine kinachomtaka atangulize maslahi ya wote kuliko yake. Mtoto alikariri hayo, alipofika nyumbani akasikia kwamba binti wa rais ndiye mwenye barabara za kulipia, na mwanawe amepewa msamaha wa kodi kwa magari yaliyoitwa Timor mwaka 1996. Watu wa Unguja na Pemba, ambao kwa muda mrefu waliiuzia Indonesia karafuu za kutengenezea sigara za kretek, watalielewa haraka jambo la tatu: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwana huyohuyo alipewa ukiritimba wa biashara ya karafuu za ndani, na wakulima wakaona bei ikianguka mikononi mwao.

Mtikisiko wa fedha wa 1997 ulifunua kila kitu. Dola moja iliyouzwa kwa rupia 2,400 hivi ilivuka rupia 10,000 katika miezi michache. Tarehe 12 Mei 1998 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti walipigwa risasi wakafa. Siku mbili zilizofuata Jakarta iliungua. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, na raia wenye asili ya Kichina wakashambuliwa majumbani na madukani mwao. Miaka 20 ya kozi za umoja na utu haikuwazuia majirani kugeukana. Suharto alijiuzulu tarehe 21 Mei, na Novemba mwaka huohuo MPR ikaifuta P4.

Kantini isiyo na muuzaji

Waindonesia walichoka na mafunzo ya kukariri, ila hawakuichoka misingi yenyewe. Wanafunzi waliomwangusha Suharto walikuwa na neno lao la herufi tatu, KKN: rushwa, kula njama na kupendelea ndugu. Kati ya 1999 na 2002 katiba ilirekebishwa mara nne. Sheria ya 2002 iliunda Tume ya Kutokomeza Rushwa, KPK, yenye uwezo wa kunasa mazungumzo ya simu na kuwashtaki wakubwa. Mwaka 2004 wananchi walimchagua rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

Elimu ya tabia ilirudi kwa jina jipya. Mwaka 2010 serikali ya Rais Susilo Bambang Yudhoyono ilizindua mpango wa kitaifa wenye maadili 18, yakiwemo uaminifu, kuvumiliana, nidhamu, kupenda kusoma na kutunza mazingira. Safari hii walimu walitakiwa kuyaingiza katika kila somo na katika maisha ya shule.

Jaribio lililovuta macho ya wengi ni kantini za uaminifu. Kuanzia 2008 ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilizisukuma katika maelfu ya shule. Vitafunio na madaftari vilipangwa mezani, sanduku la fedha likawekwa kando, na hapakuwa na muuzaji. Mtoto alichukua bidhaa, akaweka pesa, akajirudishia chenji mwenyewe. Ilikuwa fikra nzuri, nayo Dewantara angeitambua, kwa kuwa tabia hukua mtu anapopewa nafasi ya kuchagua bila mtu wa kumtazama. Shule kadhaa zilifanikiwa. Nyingine nyingi zilikuta sanduku lina pesa pungufu, mtaji ukaisha, kantini zikafungwa.

Ilikuwa rahisi kuwanyooshea watoto kidole. Lakini watoto hao walikuwa wakitazama televisheni. Oktoba 2013 KPK ilimkamata Akil Mochtar, rais wa Mahakama ya Katiba, kwa rushwa katika kesi za uchaguzi. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2018 Setya Novanto, aliyekuwa spika wa bunge, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa ufisadi katika mradi wa vitambulisho vya taifa, ule uliomgusa kila raia mwenye umri wa kubeba kitambulisho. Mtoto aliyeombwa asiibe kitafunio alijua ni nani walioiba mabilioni. Alijua pia kwamba walikamatwa, na jambo hilo lilimfunza zaidi ya orodha ya maadili 18.

Waliojifunza kudai

Kuna mahali ambapo malezi ya uraia yamefanikiwa, na mara nyingi yametoka chini. Visiwani Maluku, vita vya Wakristo na Waislamu vilivyoanza Ambon mwaka 1999 viliua maelfu. Mkataba wa amani wa Malino wa Februari 2002 ulisimamiwa na wanasiasa, lakini kuishi pamoja kulirudi kwa msaada wa desturi ya kale iitwayo pela, kiapo cha undugu kati ya vijiji, mara nyingine kimoja cha Waislamu na kingine cha Wakristo. Vijiji vyenye pela husaidiana kujenga msikiti na kanisa. Baadaye baadhi ya shule ziliingia pela baina yao, watoto wakatembeleana na wenzao wa dini nyingine. Hapo hakuna kipengele cha kukariri. Kila upande unaweka kitu chake rehani.

Serikali nayo imelazimika kusikiliza. Mwaka 2017 waziri wa elimu alipotaka shule ziwe za siku tano kwa saa nane kila siku ili kupata muda wa malezi ya tabia, Nahdlatul Ulama ilipinga: saa hizo zingeziua madrasa za alasiri, ambako watoto wengi wa vijijini hulelewa kidini. Septemba mwaka huo Rais Joko Widodo alitia saini kanuni namba 87 ya kuimarisha elimu ya tabia, ikiziachia shule uhuru wa kuchagua siku tano au sita. Mashauriano, msingi wa nne wa Pancasila, yalifanya kazi yake.

Miaka miwili baadaye serikali hiyohiyo ilipewa mtihani wa somo lake yenyewe. Septemba 2019 bunge lilirekebisha sheria ya KPK kwa haraka. Watumishi wa tume wakafanywa watumishi wa serikali, na likaundwa baraza la kuisimamia. Makumi ya maelfu ya wanafunzi waliingia barabarani katika miji mingi, maandamano makubwa zaidi ya wanafunzi tangu 1998. Wanafunzi wawili waliuawa Kendari, Sulawesi. Wengi wa waandamanaji walikuwa wamezaliwa karibu na mwaka Suharto alipoanguka. Hawakuwahi kukaa katika kozi ya P4 wala kutafuta cheti chake. Walilelewa na orodha ya maadili 18, pamoja na kumbukumbu ya KPK ikiwatia wakubwa pingu. Walichukua somo la uaminifu walilofundishwa, wakawataka wabunge walifanye wao kwanza.

Sheria ya awali ya KPK haikurudishwa, na hilo ni doa kubwa kuliko upungufu wa sanduku lolote la kantini. Jamhuri iliyoanza kwa viongozi kuachia maneno saba ili wenzao wasibaki nje haiwezi kumwambia mtoto kwamba kujinyima ni kazi ya wadogo. Dewantara aliweka kielelezo cha aliye mbele kuwa sharti la kwanza la malezi, na historia ya nchi yake imethibitisha kwamba hakuna mtaala unaoweza kulifidia sharti hilo likivunjwa. Wizara inaweza kubadilisha vitabu kila awamu. Somo lenyewe hufundishwa bungeni, mahakamani na ofisini, na wanafunzi wa 2019 walionyesha kwamba wanalifuatilia kwa makini.